Talitha na Herufi za Daktari Manassé

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii haihitaji kamusi. Mvungu ni nafasi iliyo chini ya kitanda, na kitu kikishaingia humo hakitoki kwa amri wala kwa makelele. Tajiri na fukara, mwenye suti na mwenye matambara, wote hukitoa kwa njia moja tu: hukunja mgongo. Wahenga walitaka kutuambia kwamba anayekitaka kitu kwa dhati hana budi kuukubali unyonge wa kukitafuta. Wengi wetu huipenda sana methali hii inapowahusu majirani. Ikitugeukia sisi, ghafla migongo inauma.

Mgongo wa Talitha ulianza kuuma alipohamishwa kutoka Kabondo-Dianda kuja mjini Kamina, kusini mwa Kongo.

Talitha alikuwa muuguzi, binti wa mwalimu wa Kimethodisti aliyewalea wanawe kwa Biblia na ubao wa chaki. Kule Kabondo-Dianda alikuwa ameendesha zahanati karibu peke yake. Barabara ilikuwa mbaya, daktari alikuwa mbali, na mgonjwa hakuwa na muda wa kungoja. Kwa hiyo Talitha alizalisha, alishona vidole vya wavuvi vilivyokatwa na nyavu, alichanja watoto, na waliokuwa wakifa aliwashika mkono. Watu walimwita Dokta. Alikuwa akiwakataza mwanzoni, kisha akawakataza kwa sauti ya chini, kisha akaacha kuwakataza. Sifa ni tamu, na anayesema haijawahi kumlewesha hajawahi kusifiwa.

Katika zahanati ile, maandishi ya dawa hayakumpa taabu. Aliyeandika alikuwa yeye, na aliyesoma alikuwa yeye. IM, dawa ichomwe kwenye msuli. IV, ipite kwenye mshipa. PO, imezwe kwa mdomo. Hayo alikuwa nayo kichwani kama Baba Yetu.

Lakini hospitali aliyopelekwa Kamina, ambayo jina lake tutalisitiri, ilikuwa na Daktari Manassé. Daktari huyu alikuwa hodari kupita kiasi, na alikuwa na haraka kupita uhodari wake. Kila asubuhi alizunguka wadi huku wauguzi wakimfuata nyuma kama vifaranga, naye aliandika akitembea, kwa vifupisho, kana kwamba wino ulikuwa ukiuzwa kwa tone. Herufi mbili hapa, nne pale, alama moja ya mkwaju, namba, basi. Akimaliza aliinua macho, na wauguzi wote waliitikia kwa pamoja, kwa Kifaransa: "Oui, Docteur!" Ndiyo, Daktari! Kisha msafara ulisonga kwenye kitanda kingine.

Talitha naye aliitikia. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko zote, maana alikuwa mwimbaji wa kwaya. Ila nusu ya herufi zile hakuzijua.

Alibuni hila. Kila alipoona kifupisho kigeni, alikiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akinuia kukichunguza baadaye. Hila hii ilikuwa na kasoro moja: muuguzi hunawa mikono baada ya kila mgonjwa. Ilipofika saa ya kutafuta maana, kiganja kilikuwa cheupe na safi, na herufi zilikuwa zimekwenda na maji ya bomba. Wakati mwingine alivitambua vifupisho kwa kuona madhara yake. Siku moja alimruhusu mzee mmoja anywe uji, kumbe kwenye karatasi yake paliandikwa AJ, yaani mgonjwa akae bila kula mpaka apasuliwe. Upasuaji ukaahirishwa, ndugu zake wakalalamika, na mzee wa watu akalala siku nyingine na maumivu yake. Hakuna aliyejua nani aliyemruhusu. Talitha alijua, na usingizi ukamkimbia.

Alijiapiza kwamba atazijua herufi zote za Daktari Manassé, hata iweje. Hakuwa mvivu, hilo tumpe. Lakini alitaka kuzijua pasipo kumuuliza mtu. Kwa lugha nyingine, alitaka cha mvunguni akiwa amesimama wima.

Na aliyekuwa wa kwanza kustahili kuulizwa ndiye aliyemfanya akaze shingo. Huyo alikuwa Jérémy, muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi. Miaka ya nyuma, Jérémy alipokuwa mwanafunzi, alitumwa Kabondo-Dianda kujifunza kazi chini ya Talitha. Kijana alikuwa mtu wa maswali. Siku ya chanjo, mbele ya akina mama waliojipanga na watoto mgongoni, aliuliza atumie sindano ipi. Talitha, ambaye jua lilikuwa limemchosha, alimgeukia na kumwambia: "Hapa hatuulizake. Hapa tunajua!" Akina mama walicheka. Jérémy aliinamisha kichwa, na hakuuliza tena hadi alipoondoka.

Sasa yule aliyekuwa mwanafunzi alikuwa mtu mzima, mwenye saa ya mkononi na wanafunzi wake mwenyewe. Kila walipopishana kwenye veranda, alimsalimu Talitha kwa adabu iliyozidi kidogo. "Yambo, mama. Byote unajua?" Talitha alipita kama hakusikia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi asubuhi moja ya mvua, Gloire alipoletwa.

Gloire alikuwa msichana wa sekondari, mtoto pekee wa Mama Mbayo, mkulima wa mihogo na mahindi wa kijiji kimoja nje ya Kamina. Alikuwa ameharisha na kutapika siku nyingi kabla mama yake hajapata baiskeli ya kumbeba. Kuhara kulikuwa kumekoma, lakini nguvu hazikurudi. Miguu yake ililegea, na kichwa hakikusimama, kama cha mtoto mchanga. Mapigo ya moyo yalikuwa yakiruka, mara moja, mara kimya, mara mawili ya haraka. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba chumvi moja ya mwili imepungua mno, ile ambayo waganga huiita potasiamu. Bila chumvi hiyo misuli hulegea, na moyo nao ni msuli.

Chumba cha mahututi kilikuwa kimejaa, kwa hiyo Gloire alilazwa wadi ya Talitha, akatundikiwa chupa ya maji mkononi. Daktari Manassé alimpima, akakunja uso, akaandika upesi, akampa Mama Mbayo karatasi ya kuchukulia dawa. Papo hapo akaitwa chumba cha upasuaji kwa mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Aliondoka akikimbia. "Oui, Docteur!" wakamwitikia mgongoni.

Huko Kamina, kama hospitali nyingi za upande ule, mgonjwa huwa na ndugu wa kumlinda kitandani. Ndiye humpikia, humfulia, humgeuza, na ndiye hutumwa famasi kuleta dawa mkononi mwake. Mama Mbayo alikwenda na kurudi mbio, kikwembe chake, kile kitenge cha kujifunga, kikiwa kimelowa mvua. Alimnyooshea Talitha kichupa kidogo cha kioo, ampuli ya KCl.

"Mama munganga, dawa njo hii," alisema akihema, kwa Kiswahili cha huko, ambacho munganga ni tabibu na njo ni ndiyo. "Umuchome sasa. Mutoto anaisha."

"Ngoya kidogo, mama. Nasoma kwanza."

Talitha alisoma. KCl aliijua, ndiyo ile chumvi yenyewe. Alijua pia kwamba ni dawa ya kuogopwa, ingawa Kabondo-Dianda hakuwahi kuitumia. Mbele ya jina la dawa Daktari Manassé alikuwa ameandika PSE, kisha mkwaju, kisha saa. Si IV. Si IM. PSE. Talitha aliitafuta akilini kote, na akili yake ikamrudishia kiganja kitupu.

Muuguzi mkuu wa wadi, Mama Abigaïl, alikuwa amekwenda msibani Kabongo. Aliyeshika nafasi yake alikuwa Kapenda, mtu mnene, mcheshi, mzoefu, ambaye suruali yake nyeupe ilipigwa pasi hadi mikunjo ikakata kama kisu. Kapenda alikuwa akipita.

"Papa Kapenda, PSE njo nini?" Talitha aliuliza, akijitahidi swali lionekane dogo.

Kapenda aliitupia karatasi jicho moja. "Ah, mama! Njo seringue ile, bomba ya sindano. Unavuta, unapiga ku mushipa, basi. Uko nangoya nini?"

"Ile S, sawa. Na P? Na E?"

"Weye unatafuta bintu mingi! Docteur anaandikaka vile siku yote." Akacheka, akaenda zake mwisho wa wadi kupokea mgonjwa mwingine.

Mama Mbayo alikuwa amesikia. "Si amesema umuchome? Umuchome, mama! Sindano njo dawa. Hii mayi ya chupa inamusaidia nini?" Kwa wakulima wa vijiji vile, na kwa watu wa mjini pia tusidanganyane, sindano ndiyo matibabu, na muuguzi anayesitasita na sindano mkononi hajui kazi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza shingo. Ndugu zao waliacha kukoroga uji. Wote walikuwa wakimtazama yule mwanamke aliyeitwa Dokta huko alikotoka.

Kuchoma kungekuwa rahisi. Wangemsifu. Talitha aliuona mshipa wa Gloire, mwembamba, chini ya ngozi, na mkono wake ungeweza kuupata hata gizani. Akamkumbuka yule mzee na uji wake. Mzee alipoteza siku. Huyu angepoteza nini?

Akakata shauri. Alimshika Mama Mbayo mabega yote mawili.

"Mama, nakuambia kweli. Dawa naijua, iko nguvu sana. Lakini namna ya kuitia, Docteur ameandika alama moya, na minyi siijue. Naenda kuuliza. Shika hii ampoule. Usipe muntu, hata nani, mpaka minyi nirudie."

Mama Mbayo alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Hauijue? Weye munganga, hauijue? Leza wami! Mungu wangu! Sasa nani anajua?"

Wadi nzima ilisikia. Kuna mtu alicheka, na mwingine akaguna. Masikio ya Talitha yalimwaka moto. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomtamanisha mtu aingie ardhini. Hata hivyo miguu yake ilikwisha kuanza kwenda.

Alikimbilia kwanza chumba cha upasuaji. Kwenye kitasa palifungwa kitambaa chekundu, ishara kwamba tumbo la mtu limefunguliwa na asibishe hodi mtu yeyote. Talitha alibisha. Mlango ulifunguka kiasi cha jicho moja, akasema haja yake, na jicho likaondoka. Lilirudi na jibu: "Docteur anasema mufanye vile ameandika!" Mlango ukafungwa.

Alisimama hapo mvua ikipiga bati juu yake. Kumshinikiza daktari katikati ya upasuaji kungekuwa kumwokoa mmoja na kumzika mwingine. Kubahatisha hakutaka. Alibaki mtu mmoja tu hospitalini ambaye kwa hakika angejua, na Talitha alimjua kwa jina na kwa salamu zake. Hasira ikampanda, akajikasirikia mwenyewe kwa kuwa hata sasa, na msichana yule pale kitandani, bado alikuwa akihesabu heshima yake. Akajifunga kitambaa cha kichwani upya, akaelekea chumba cha mahututi.

Jérémy alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi wake akiwaonyesha jinsi ya kupima shinikizo la damu. Alipomwona Talitha mlangoni, amelowa, akainua nyusi.

"Yambo, mama."

"Jérémy, nakuya kuuliza."

Jérémy alikunja mikono kifuani taratibu. Alikuwa ameingoja saa hii miaka mingi, na tusimlaumu sana, maana kidonda cha kudharauliwa hakina dawa famasi.

"Kuuliza?" alisema. "Mama Talitha, hapa hatuulizake. Hapa tunajua."

Wanafunzi walicheka, wengine bila kujua wanachekea nini. Talitha alisimama palepale. Hakugeuka, hakujibu kwa ukali, wala hakulia.

"Njo ile nilikuambia mbele ya banamama," alisema. "Nilikukosea. Nilikuwa na makosa siku ile na minyi nayijua mpaka leo. Municheke wote, mucheke sana, nitangoya. Kisha uniambie PSE njo nini, sababu kule iko mutoto wa bantu, moyo yake inarukaruka, na Docteur ameandika KCl PSE, na minyi siijue."

Kicheko kilikatika. Jina la dawa ile lilimwondoa Jérémy kiburi usoni kama mtu aliyemwagiwa maji.

"KCl? Mumeitia?"

"Hapana. Ampoule iko ku mukono ya mama yake."

"Asante Mungu." Alikuwa amekwisha kuvua kipimo cha kusikilizia moyo shingoni na kumpa mwanafunzi. "Pousse-seringue électrique, mama. PSE. Ni mashini. Unachanganya dawa na serum, ile mayi ya chupa, unaweka ku seringue mukubwa, na mashini njo inasukuma pole pole, saa mingi. Ukipiga ile ku mushipa na mukono, moya kwa moya, moyo inasimama. Mutoto anafwa mbele yako, na sindano ingali ku mukono."

Talitha alikwisha kugeukia mlango. "Mashini iko wapi?"

"Yetu iko ku mugonjwa. Iko ingine ku chumba cha wauguzi. Mbiyo!"

Walikimbia pamoja kwenye veranda. Mashine hiyo ya pili ililetwa hospitalini na marafiki wa kanisa, na wauguzi wachache, Mama Abigaïl na Jérémy wakiwamo, walipewa mafunzo kabla Talitha hajahamia. Siku ya mafunzo Kapenda hakuwapo. Alikuwa amekwenda Bukama kununua samaki. Mashine iliwekwa kabatini, mchwa wakaanza kula kabati, paa nalo likavuja. Basi Mama Abigaïl akaifunga kwenye nailoni na kuificha mahali pakavu kuliko pote, chini ya kitanda cha zamu, ukutani kabisa, nyuma ya maboksi ya glovu na mabeseni yaliyotoboka.

Jérémy aliinua shuka na kuonyesha. Mwili wake mpana haukuweza kupita. Talitha hakungoja. Alipiga magoti kwenye saruji na sare yake nyeupe, akalala kifudifudi, akaingia. Vumbi lilimjaa puani, buibui akamtembea shingoni, beseni likamgonga kichwa. Mkono ukanyooka, ukagusa nailoni, ukaiburura. Alipotoka, mbele ya sare yake palikuwa pamegeuka rangi ya udongo. Jérémy alitaka kumpangusa. "Acha," alisema Talitha, "twende."

Huku nyuma, wadini, mambo yalikuwa yameharibika. Gloire alikuwa amefumba macho, na mapigo yalikuwa dhaifu zaidi. Mama Mbayo alipiga yowe, Kapenda akaja. Kapenda hakuwa mtu mbaya. Kilio cha mama kilimchoma, na alitaka kusaidia, na mkono wake ulizoea kusaidia upesi. Alifungua bomba jipya la sindano.

"Ile ampoule iko wapi? Lete!"

"Ule mama amesema nisipe muntu."

"Ule mama hajue kitu! Amesema yeye mwenyewe mbele ya bantu wote. Lete, mutoto anafwa!"

Mama Mbayo alikuwa ameifunga ampuli kwenye pembe ya kikwembe, pale anapofungia rozari akienda shambani. Vidole vyake vilikwenda kwenye fundo. Alimtazama mwanawe, akamtazama Kapenda na mkono wake ulionyooshwa, na fundo likalegea. Kisha vidole vikasita.

"Papa," alisema, "weye ile karatasi umeisoma?"

"Nini?"

"Ule mama aliitazama, aliitazama tena, akaniambia hajue. Weye umeipitia tu na jicho moya. Sasa minyi mukulima, nitapa nani mutoto wangu?" Na machozi yakimtiririka, alilikaza fundo upya kwa meno.

Ndivyo Talitha na Jérémy walivyowakuta: Kapenda ameshika bomba tupu, na Mama Mbayo ameuma kikwembe chake.

"Papa Kapenda, weka hiyo seringue," alisema Talitha. "Ungemupiga nayo, angekufwa hapa hapa. PSE njo hii." Akaiweka mashine juu ya meza.

Kapenda aliitazama mashine. Kisha akatazama bomba lililokuwa mkononi mwake. Aliliweka chini polepole, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Fundo lilifunguliwa. Jérémy alichanganya dawa na kuanza kuiandaa mashine, lakini Talitha alimshika mkono. "Nionyeshe, nifanye minyi." Na hapo akauliza. Kitufe hiki cha nini? Namba hii ya nini? Ikilia? Umeme ukikatika? Aliuliza mbele ya Mama Mbayo, mbele ya wagonjwa na ndugu zao na uji wao, na kila jibu alilirudia kwa sauti. Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Mashine ikaanza kuvuma, na bomba kubwa likawa linasukumwa taratibu mno, hata jicho halikuuona mwendo wake.

Talitha alikaa kando ya kitanda, vidole kwenye kifundo cha mkono cha Gloire, akisikiliza. Mara moja, kimya, mara mawili. Mama Mbayo alisali. Mvua ilikwisha, jua likatoka, kivuli cha dirisha kikahama kutoka kitanda hiki hadi kile, na mapigo yale polepole yakaanza kufuatana, moja baada ya jingine, kama watu waliojifunza upya kupanga foleni. Kabla ya jioni Gloire alivuta goti lake mwenyewe. Mama Mbayo aliliona lile goti likisogea chini ya shuka, akalishika kwa mikono miwili na kulia kuliko alivyolia asubuhi.

"Wafwako, mama," alimwambia Talitha kwa Kiluba, maana shukrani ya ndani hutoka kwa lugha ya nyumbani. "Wafwako."

Kesho yake Gloire aliinua kichwa na kuuliza kama kuna bukari, ugali wa huko, na samaki. Asubuhi hiyo Daktari Manassé alipita wadini kama kawaida. Alimpima msichana, akaridhika, akaandika herufi zake, akainua macho kungoja wimbo wake. "Oui, Do..." walianza wauguzi.

"Non, Docteur," alisema Talitha.

Akaweka kidole kwenye karatasi ya Gloire.

"Hii hapa ya mwisho sijaijua. Na ile ya jana sikuijua pia. Nilipoteza wakati kuitafuta, na mutoto huyu karibu amalizike. Utuambie kwanza, kisha tutasema oui."

Daktari alikunja uso. "Mama Talitha, hamukufundishwa?"

"Njo maana nauliza, Docteur. Aliyefundishwa yote haulizake."

Daktari alifungua kinywa amkaripie. Kisha akamwona Mama Mbayo, aliyekuwa amekwisha kumsimulia kila mtu aliyepita hapo habari ya ampuli na fundo, akiwemo daktari mwenyewe. Alishusha kalamu. Akafuta zile herufi, akaandika neno zima, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Iko mwingine na swali?" aliuliza kwa shingo upande.

Halafu Monga, muuguzi wa miaka mingi mwenye mvi, alikohoa na kusema kwamba kuna kifupisho kimoja hajakielewa tangu daktari alipofika Kamina. Muuguzi mwenzake, Nyembo, akasema yeye ana viwili. Mwingine akasema hata hicho cha Monga hakijui, alikuwa akimfuata Monga. Vicheko vikazuka, na safari hii daktari naye alicheka, ingawa si sana. Mzunguko wa asubuhi ile ulichukua hadi jua la utosi, na wengi wa waliokuwa wakiitikia kwa sauti kubwa ndio waliokuwa na maswali mengi.

Kapenda peke yake hakuuliza kitu. Alisimama nyuma, akitazama viatu vyake.

Lakini siku Gloire aliporuhusiwa kwenda nyumbani kwa miguu yake, Talitha aliingia chumba cha wauguzi kuirudisha mashine mahali pake, akamkuta mtu ameingia nusu tu chini ya kitanda cha zamu, miguu miwili imetokeza. Suruali ilikuwa nyeupe, na mikunjo yake ya pasi ilikuwa imepotelea kwenye vumbi. Kapenda alirudi kinyumenyume, akapumua kwa shida, akabaki amepiga magoti na utando wa buibui kichwani.

"Ile mashini," alisema bila kumtazama usoni, "niliitafuta, nikawaza iko mule. Mama Talitha... unaweza kunionyesha namna inatumikaka?"

Talitha angeweza kusema mengi. Aliyakumbuka yote aliyowahi kuwaambia wengine, akayameza. Aliiweka mashine sakafuni, akakunja sare yake safi, akapiga magoti mbele ya Kapenda, wakalingana.

"Uliza, papa," alisema. "Uliza byote."

Na hapo sakafuni, wazoefu wawili wakiwa wameinamisha vichwa juu ya kitufe kimoja, hukumu ya wahenga ilikwisha kupitishwa, wala haina rufaa: kilicho mvunguni hakimfuati aliyesimama, mtaka cha mvunguni sharti ainame.